Chupa B Nayo Ina Njaa

Jumatatu, 3 Machi
Nakiri hapa tu, sijamwambia mtu mwingine: leo nimewalisha bakteria wa chupa B.

Shangazi ndiye mkuu wa maabara ya udongo. Kanipa wiki mbili za majaribio. Nikifaa, nabaki; nisipofaa, nyumbani. Naosha chupa. Bakteria wake hula homoni inayokuza mizizi ya mimea. Wakiionja tu, jeni zao za kuivunjavunja huamka. Wa chupa A wanapewa homoni. Wa B, maji ya chumvi basi! Tangu asubuhi! Roho iliniuma. Nikawatilia matone matano ya homoni. Hakuna aliyeniona, hata Miwani, mwanafunzi wa chuo anayeniita Bi Sponji.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mashine imesoma jeni za B: ziko macho kama za A! Miwani alirukaruka. Jeni kuamka bila homoni, eti haijapata kutokea, ataandika makala. Akasema na Bi Sponji atatajwa, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Jina langu kwenye makala! Shangazi hakuruka. Aliikodolea macho chupa B.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kapima maji ya B, kakuta homoni. Akauliza ni nani. Makala ya Miwani ikayeyuka usoni mwake. Nikanyoosha kidole, kama darasani.

Shangazi akasema, mwanangu, B inakaa na njaa makusudi. Bila hiyo tutajuaje A imeamshwa na nini? Miwani akasema heri ningeiba homoni nikapaka nywele. Nikajua nimekwisha. Lakini Shangazi akasema aliyenyoosha kidole anabaki. Jaribio linaanza upya, na mlinzi wa B ni mimi. Mlinzi! Miwani hana cheo hicho.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelinda B kutwa nzima. Halikupita tone la homoni. Shangazi kanisifu mbele ya wote! Miwani kaniita Bi Mlinzi, shingo upande, lakini kaniita.

Somo limeniingia barabara: homoni ni marufuku. Kwa hiyo, wenzangu walipokwenda kunawa mikono, niliwapa bakteria wa B sukari. Chembe chache tu, kutoka kwenye chai yangu. Sukari si homoni. Wamechangamka, nimewaona.

Wewe unayesoma, tafadhali, Shangazi asijue.