Mlinzi wa Kimya cha Mtihani

Jumatatu, 14 Novemba 1955

Wifi yangu Santa, salamu nyingi katika Kristo. Hujambo huko Mbale? Mgongo umepoa? Watoto je, na bwana wako na kazi yake ya jela? Mimi mzima, ila roho inachemka. Nitaandika kidogo kidogo katika daftari hili, kisha nilitume kwako kwa basi. Usimsomee mtu.

Sikiliza. Mtihani wa hesabu wa darasa la sita ni Jumatatu ijayo. Leo mwalimu mkuu wetu, Bwana Yekosofati, ametuita walimu wote akagawa kazi. Nabirye, yule msichana mwenye cheti na viatu vyeupe, anakwenda huko kwenu Mbale kusimamia, maana sheria inakataza mtu kusimamia watoto wa shule yake. Tikiti ya treni! Kiti mbele ya darasa! Mimi, miaka kumi na tisa nafundisha darasa la kwanza katika shule hii ya watoto wa polisi hapa Jinja, nimepewa kimya. Ndiyo, kimya. Kazi yangu ni kuona kwamba siku ya hesabu hakuna sauti karibu na chumba cha mtihani.

Nabirye akasema kazi hiyo inanifaa, nitaupumzisha mdomo. Nimemsamehe. Sijamaliza, lakini nimeanza.

Kisha Bwana Yekosofati akanibakiza. Mwakani ofisi ya elimu haimtaki mwalimu asiye na cheti. Changu unakijua: hakipo. Akasema anaweza kuandika barua niachwe kazini, ila ataiandika tu mtihani ukipita bila doa. Barua isipoandikwa, nafungasha, na nyumba ya shule inarudi kwa shule. Basi watoto watafanya mtihani wa hesabu, mimi nafanya wa kula.

Nikamwambia atapata kimya cha makaburini.

Jumanne, 15 Novemba

Nimezunguka shule nzima nikisikiliza. Makelele ni mengi! Akina mama wa nyumba za polisi wanatwanga mtama. Kinu cha mahindi cha Mzee Vasant kinanguruma nyuma ya ua, na saa nne kamili kinapiga honi ya chai. Saa nne na nusu Sajini Otiende anapuliza tarumbeta ya kubadili zamu. Bwana Yekosofati anasema nishughulike na vinu vya akina mama tu, hayo mengine watoto wameyazoea. Akina mama wamekubali kutwanga mchana, lakini nani aliyemwambia kimya kina nusu? Nimesali rozari tatu. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi, anajua maana ya kazi iliyokamilika.

Jumatano, 16 Novemba

Kwa Mzee Vasant. Nilimwomba asimamishe kinu na honi Jumatatu asubuhi. Akasema mji huu unajua saa kwa honi yake. Nikasema hata Mungu alipumzika siku ya saba. Akajibu kwamba siku ya saba na yeye hufunga kinu. Tunazungumzia siku ya kwanza. Mtu huyu angefaa kuwa padre. Nilikuwa nimeshashindwa, mara mkewe Lilavati akaita kutoka ndani: watoto wa watu wanafanya mtihani, unga utasagwa mchana. Yakaisha hapo. Mume anaendesha kinu, mke anaendesha mume.

Alhamisi, 17 Novemba

Sajini Otiende alikataa katakata. Amri ni amri. Nikasema sawa, afande, nikamuuliza tu binti yake wa darasa la sita anaendeleaje na zile hesabu za sehemu. Mwisho akasema tarumbeta nayo huugua, na Jumatatu huenda ikawa na mafua.

Ijumaa, 18 Novemba

Leo nimewafunda darasa la sita wenyewe. Atakayefungua mdomo kabla ya msimamizi kufungua wake atanijua, na wote wananijua, maana mimi ndiye niliyewashikisha penseli. Hata paa lianguke, kaa. Hata nyoka apite, mpishe kimya kimya. Nilipomaliza nikawaruhusu waende. Hakuna aliyeinuka. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumatatu, 21 Novemba

Santa, keti kwanza.

Msimamizi aliyetumwa kutoka Mbale ni Mwalimu Geresom, mtu mpole, amesafiri kwa treni usiku kucha, macho mekundu kama pilipili. Saa ya mkononi hana. Mwalimu mkuu akamwambia asijali: ukutani ipo saa, na nje kuna honi na tarumbeta. Kisha akatutangazia sote: mtihani ukianza, mwalimu yeyote wa shule hii asivuke mstari wa chokaa. Akanikabidhi mstari.

Kabla watoto hawajaingia nilipita chumbani kuhakikisha. Ile saa ya ukutani! Inagonga kama seremala anayedai mshahara. Nikapanda juu ya benchi nikaifunika mbavu kwa shali langu, uso nikauacha wazi, kama mtoto mgongoni. Ikawa inagonga kwa mnong'ono. Nikajisifu.

Walianza saa tatu, wamalize saa nne na nusu. Kimya, wifi! Hata kunguru walikwenda kuongelea kwingine. Nilisimama kwenye mstari na tawi langu la mkaratusi, nikamshukuru Mungu.

Jua likapanda. Likapanda tena. Nikaona Bwana Yekosofati anakuja mbio, ameinua mkono wenye saa.

"Mama Topista, nipishe."

"Bwana mkuu, sheria. Hakuna mwalimu anayevuka."

"Sheria hiyo nimeitoa mimi!"

"Basi wewe ndiye unayeijua zaidi."

Akataka kupaza sauti. Nikamwekea tawi mbele ya mdomo. Akaenda kushoto, nikaenda kushoto. Alinionyesha saa yake kwa vidole, nikafumba macho, maana nilidhani ananijaribu, kama Abrahamu alivyojaribiwa. Tulicheza hivyo dakika ishirini mpaka akaruka mstari kama mbuzi.

Ndani, watoto wote walikuwa wamemaliza zamani. Mikono imekunjwa, magoti yamebanwa, wawili wanatokwa machozi kwa haja ndogo, hakuna aliyethubutu kusema. Geresom amelala kitini. Aliposhtuliwa alitazama ukutani akasema kwa upole kwamba bado mapema, ndiyo kwanza saa tatu na dakika kumi.

Ilikuwa saa tano na robo.

Shali langu lilikuwa limeteleza likakishika kile kichuma kinachobembea.

Jumanne, 22 Novemba

Geresom ameandika ripoti ya kweli, kwa kuwa ni mpole. Ofisi imejibu upesi. Hesabu itarudiwa Jumatatu kwa karatasi nyingine, na mimi siku hiyo nikae nyumbani kwangu. Bwana Yekosofati amesema hajui aniite mkaidi au mtiifu. Kuhusu barua yangu alikunja karatasi nyeupe mbele yangu mara nne, akaitia mfukoni. Haitaandikwa.

Nabirye amerudi kutoka Mbale. Ameniuliza kwa adabu nyingi sasa ni saa ngapi. Ule msamaha nimeuanza upya.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimekwenda kuungama. Padre aliniambia nitafute kosa langu. Nimelitafuta tangu barazani hadi jikoni, sikuliona. Niliagizwa kimya, nikaleta kimya. Nililinda mstari mpaka dhidi ya mwenye mstari. Shule ngapi za Uganda zina mtu kama huyo? Na wanataka kumtoa kwa sababu ya cheti! Sitoki, wifi.

Kwa hiyo nimemwandikia Bwana Afisa Elimu barua, lakini haitoki kwangu. Inatoka kwako: mzazi mmoja wa Mbale, ambaye sifa za Mwalimu Topista zimemfikia mpaka huko, anaomba aachwe Jinja kwa faida ya watoto. Sikujisifu sana, kurasa tatu tu. Wala si uongo, nimelipima jambo hili mbele ya msalaba. Wewe ni mzazi. Mbale unakaa. Na sifa zimekufikia, maana nimekuandikia mwenyewe humu.

Barua iko ndani ya jalada la nyuma. Weka sahihi yako chini, usibadili neno, uipeleke posta ya huko ili muhuri uwe wa Mbale. Ofisi inafunga majina ya walimu wa mwakani tarehe tano Desemba. Tafadhali nijibu upesi.

Wifi yako,
Topista