Sentimita Tano za Baba Kijacho

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Siku ya kumi na mbili bila chipsi. Nilijitakia mwenyewe! Muuguzi wa kliniki alisema sukari ya mke wangu imeanza kupanda, na mimba ina miezi saba, basi aache vya kukaanga na vitamu. Mimi, kwa kiherehere, nikadakia kwamba nitakula anachokula yeye mpaka mtoto azaliwe. Muuguzi akanisifu. Nilijiona mwanamume kweli mpaka saa ya chakula cha mchana. Mboga za kuchemsha. Maharage. Maji.

Jumatano, tarehe 6 Mei
Muuza chipsi kahamia mkabala na chumba changu cha ushonaji. Kosa langu liko wapi hapo? Sahani mbili, nyuma ya cherehani. Suruali ikabana. Si neno, fundi ni mimi, nimeiachia kiunoni. Lakini kila Jumamosi mke wangu hunipima kiuno, aone kama nashika ahadi. Na mama mkwe, tunayeishi naye tangu mwezi jana, kaninusa shati akauliza nimepika nini kazini.

Ijumaa, tarehe 8 Mei
Dawa imepatikana! Nimeunga kipande kitupu cha sentimita tano, kisicho na namba, mwanzoni mwa tepu ya kupimia ya nyumbani. Mshono hauonekani. Ukinizungushia, sentimita tano zinatoweka. Kazi safi mno, inauma kwamba sina wa kumwonyesha.

Jumamosi, tarehe 9 Mei
Kiuno kimepungua tatu! Mke wangu akaniita Baba Kijacho, akasema nina msimamo. Mama mkwe akatazama kitambi changu. Kisha akaichukua tepu ileile kumpima bintiye tumbo. Hilo sikuliwaza hata kidogo! Wiki iliyopita tisini na nne. Leo tisini. Akapima tena. Tisini.

Mke wangu akakaa kitandani, mikono tumboni. "Mtoto kapungua, mama," akasema. "Nimemnyima chakula."

Akaanza kutafuta viatu aende kliniki, machozi yanamtoka. Nilikuwa na uongo tayari, kitu kuhusu joto. Haukutoka. Moyo uliniuma. Nikachukua wembe, nikafumua mshono mbele yao.

"Mtoto mzima," nikasema. "Aliyekuwa anakula ni mimi."

Mama mkwe akapima upya. Tisini na tano. Mke wangu akacheka mpaka akalia tena. Halafu akanipima mimi. Namba siiandiki.

Jumapili, tarehe 10 Mei
Nimesamehewa. Tumekula maharage sahani moja, mtoto akapiga teke, mke wangu akauvuta mkono wangu hadi pale alipopiga. Sijui kama nimewahi kufurahi hivi. Nimeapa upya, kwa moyo mweupe. Mama mkwe kaifungia tepu sandukuni mwake, na ufunguo anao yeye.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa makini. Nimeliona. Ni ile tepu. Kesho nashona suruali yenye mpira kiunoni.