Ghorofa Zilizogoma Kuota

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitumbukiza shimoni mwenyewe. Kwa lugha ya staha, lakini nimejitumbukiza.

Katika kikao cha asubuhi, Mkuu wa Idara yetu ya Mipango Miji alitangaza kwamba Ijumaa tutatembelewa na ujumbe kutoka wizarani. Ardhi ya mji inakwisha, kila mtu anataka nyumba ya peke yake yenye ua, na wizara inauliza tutawashawishi vipi watu wakubali kuishi ghorofani. Mkuu akataka mawazo. Rula akapendekeza bango moja na maelezo mafupi. (Rula ni mhitimu mwenzangu. Jina nimempa mimi, kwa siri, kwa sababu ya rula ya chuma asiyoiacha hata akienda kunywa chai.) Wazo la heshima. Wazo la kusinzisha pia.

Nikasimama. Kwa nini nilisimama sijui, kwani wengine wote walizungumza wakiwa wameketi. Nikasema kwamba mimi, kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa kujenga miji, nitawaonyesha wageni mji ulio hai, ghorofa zikiota mbele ya macho yao na wakazi wakihamia kwa hiari. Mkuu alishusha miwani. Akasema haya kijana, Ijumaa.

Na ieleweke kwamba kwangu huu si mchezo, ni riziki. Mimi na Rula tuko katika kipindi cha majaribio. Kinakwisha mwezi huu. Nafasi ya kudumu ni moja.

Jambo dogo: mchezo wenyewe sijawahi kuucheza. Niliwahi kumtazama mtu akiucheza bwenini. Lakini nina shahada.

Jioni nikamweleza Shangazi, ambaye ninaishi kwake. Alinisikiliza huku akikunja nguo, kisha akauliza kama katika mji huo kutakuwa na nyumba ya msomi kuhamia, maana hii yake imechoka kumlisha.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo si mgumu. Unachora barabara, kando yake unapaka rangi: kijani hafifu kwa nyumba za chini, kijani iliyokolea kwa ghorofa. Kisha unasubiri watu wa ndani ya mchezo waje kujenga. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na mji.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo, bila kujisifu, halifundishwi darasani. Mchezo unaruhusu kila kiwanja kupewa jina. Nikachagua kilima kinachotazama ziwa, nikajenga nyumba pana ya chini yenye bustani pande zote, nikaiandika "Makazi ya Mkuu wa Idara". Nikampelekea kompyuta ofisini kwake aone. Aliisogelea skrini, akauliza ile ni veranda. Nikasema ni veranda, Mkuu. Akauliza kama pale mlangoni hapawezi kuwekwa mti. Nikaweka mti. Nilitoka pale nikiwa nimethibitishwa kazini nusu.

Habari za ofisini hazina breki. Kufikia chakula cha mchana mhasibu alishakuja kudai kiwanja jirani na Mkuu. Katibu muhtasi akataka cha kona. Dereva akasema yeye hana makuu, nyumba tu na pa kuegesha magari matatu. Sikuweza kumnyima mtu: hawa wote wana midomo, na midomo yote humfikia Mkuu. Jioni Shangazi naye akadai chake, chenye banda la kuku. Kila mmoja nyumba ya chini, kila mmoja ua. Nikawapa. Katikati ya mji.

Baada ya hapo nikapaka kijani iliyokolea pembezoni, nikasubiri ghorofa.

Hazikuota. Ziliota nyasi.

Mapema, ofisini, Rula alikuwa amepita nyuma ya kiti changu na kikombe chake, akatazama ugawaji wangu wa viwanja, akasema, "Mwenzangu, uliyempa ua hapandi ngazi." Akaenda zake. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kila mbinu. Nimepunguza kodi kwa watakaojenga ghorofa. Nimejenga chuo kikuu, uwanja wa michezo na bustani yenye chemchemi. Walionufaika ni wenye nyumba za chini. Mchezo unaonyesha kwamba wana furaha isiyo kifani. Ghorofa hakuna.

Mchana ikatokea moja. Moja! Ndefu, nyembamba, kama twiga aliyepotezana na wenzake. Nikaita watu waje waione. Walipofika, taa zake zilikuwa zinazimika dirisha baada ya dirisha, na wakazi wanahama na virago vyao. Nilikuwa nimesahau kuipelekea mabomba ya maji. Katibu muhtasi akanipa pole, ile ya msibani, ya mikono miwili. Dereva akauliza kama sasa anaweza kuongezewa nafasi ya gari la nne, kwa kuwa pale jirani pamebaki wazi.

Nikageukia diplomasia. Nilimwendea Rula na kumdokezea, kwa sauti ya mtu mwenye watu wake, kwamba wageni wa wizarani hawapendi mabango. Akaniuliza nimesikia wapi. Nikasema huko juu. Alinishukuru sana. Akasema basi ataachana na bango, atakaa karibu na mimi siku hiyo anisaidie.

Hili sikulipanga. Sasa onyesho zima limebaki mgongoni kwangu, na shahidi nimemwalika mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeokoka. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi mji ulikuwa vilevile. Kesho wageni. Nilishaanza kutunga ugonjwa: tumbo, kwa kuwa tumbo halionekani. Ndipo likanijia, lenyewe, bila msaada wa mtu yeyote, wazo kwamba binadamu akishapewa ua hana sababu ya kupanda ngazi. Nilishangazwa na ukali wa akili yangu.

Nikachukua tingatinga. Ndani ya mchezo tingatinga ni kialama kidogo tu. Unaburuta kipanya, na mtaa unaondoka. Nikafumba macho, nikaburuta kutoka ukingo wa ziwa hadi stesheni. Palipobaki udongo nikapaka kijani iliyokolea. Nikapanua barabara. Nikapeleka maji kwanza, kwa maana mimi si mtu wa kurudia kosa.

Zikaota. Zikaota kama uyoga baada ya mvua. Ghorofa kwa ghorofa, roshani zenye nguo zilizoanikwa, lifti zikipanda na kushuka. Idadi ya wakazi ilikimbia hata tarakimu hazikusomeka. Taka nazo zikaongezeka. Mchezo ukalalamika, kisha wenyewe ukanipendekezea mahali pa dampo: kiwanja kipana, kilichoinuka, kilicho wazi, chenye barabara tayari. Nikabonyeza ndiyo. Mwenye mji mkubwa hawezi kukagua kila kiwanja.

Jioni Shangazi akauliza nyumba yake iko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba sasa yuko ghorofa ya tisa, upande wa ziwa. Akasema, "Sasa msomi wangu, mimi na gunia la pumba tupande mpaka huko, halafu kuku washuke vipi kuchakura?" Nikasema watachakura roshani. Akasema hao ni kuku wa nani, maana wake anawajua. Kisha akauliza, na yule mkubwa wako wa veranda, umempandisha ghorofa ya ngapi?

Nikacheka. Nikamwambia Mkuu hagusiki. Yuko palepale kilimani pake.

Ninafunga shajara nikiwa na moyo mweupe.

Ijumaa, 7 Machi

Ndiyo kwanza nimevua viatu.

Ukumbi ulijaa. Mgeni Rasmi ni mama wa makamo asiyepoteza tabasamu ovyo. Rula alikaa kando ya projekta, rula mapajani. Nilianza kwa "Waheshimiwa", nikaendelea hivyo hivyo. Ghorofa zikang'aa ukutani. Mgeni Rasmi akauliza watu wote hawa wametoka wapi. Nikasema kwenye nyumba za chini. Akauliza walikubali vipi. Nikasema kwa hiari. Akaandika kitu. Nilijiona nimeshika kiti cha kudumu, kile chenye magurudumu.

Ndipo Mkuu, kwa furaha tu, akamnong'oneza jambo. Mgeni Rasmi akasema angependa basi kuiona nyumba ya Mkuu. Ameambiwa ina veranda.

Nikasogeza picha kuelekea kilimani. Taratibu. Nikitabasamu.

Kilimani palikuwa na dampo. Dampo kubwa, lililoshiba, malori yakipanda yamejaa, moshi, kunguru. Na juu yake, kwa herufi nzuri nilizozichagua mwenyewe: "Makazi ya Mkuu wa Idara". Kumbe jina hushika kiwanja, si nyumba. Mti wa mlangoni ulikuwa bado upo.

Nilisikia feni ya projekta. Dereva, aliyesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini ya kutosha, kwamba afadhali yeye alihamishwa tu. Mkuu akavua miwani. Niliiona nafasi ya kudumu ikiruka pamoja na wale kunguru. Nikafungua mdomo niseme tumbo.

Rula akasimama. Akagusa ukuta kwa rula yake, pale pale kwenye jalala, akasema kwamba hili ndilo tulilotaka waheshimiwa walione mwisho. Mji huu uliposongamana, taka zilihitaji mahali. Kila mtu alikubali dampo liwepo, mradi lisiwe kwake. Aliyekuwa na ua mkubwa kuliko wote akautoa bila kuombwa, akahamia ghorofani pamoja na wananchi. Akageuka kumtazama Mkuu.

Mkuu akamtazama Rula. Akanitazama mimi, na hapo niliona maisha yangu yote, yakiwemo ya chekechea. Kisha akavaa miwani, akasimama, akakohoa. Mtu akikohoa vile amekwishaamua. Akasema ni kweli, ingawa hakupenda jambo hili litangazwe. Akasema kiongozi anayewaambia watu wapande juu hana budi awe wa kwanza kushuka kilimani. Aliongea kwa muda mrefu sana. Alipofika kwenye veranda sauti ilimkatika kidogo. Nadhani hapo hakuwa anaigiza.

Mgeni Rasmi akapiga makofi. Akasema amezunguka idara nyingi zinazomweleza wananchi watafanya nini. Hii ndiyo ya kwanza kumwonyesha mkubwa atafanya nini. Mengine sikumbuki. Nilikuwa ninapumua. Sikujua kwamba kupumua ni kutamu hivi. Nilikunywa chai ya watu wengine wawili bila kujua.

Baadaye nikamuuliza Rula kwa nini ameniokoa. Akasema, "Ungekuwa unazama peke yako ningekutazama, bwana. Lakini ulikuwa umeshika shati la idara nzima." Akaongeza kwamba, tafadhali, nisiandike tena jina la mtu kwenye kitu kinachobomoleka. Nikaahidi kwa mkono kifuani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimethibitishwa kazini. Niliyaomba maneno hayo yarudiwe, yakarudiwa.

Wizara imefurahi kiasi cha kutoa nafasi ya pili, katika kitengo kipya cha maonyesho ya mipango. Kiongozi wa kitengo ni Rula. Mimi ni msaidizi wake. Si mpangilio niliouota, lakini mtu aliyetolewa mdomoni mwa mamba hachagui ukingo. Mkuu alinieleza mambo mawili. La kwanza, hongera. La pili, akiliona tena jina lake kwenye mchezo wowote, nitahamishiwa dampo la kweli, na huko hakuna kipanya. Hakuwa na uso wa kutania.

Shangazi alifurahi mpaka akakaa chini. Akasema basi nami sasa nitafute ghorofa yangu, tena ya juu kabisa, yeye abaki huku chini na kuku wake. Kisha akanipakulia mara mbili.

Mwezi ujao Mgeni Rasmi anarudi. Safari hii anataka kuona jinsi mji wetu utakavyostahimili mafuriko. Rula ameniachia niandae mto. Nimekaa jioni yote nikilitafakari somo la wiki iliyopita, kwa unyenyekevu, na ninaamini nimelielewa: kosa langu lilikuwa kumtukuza Mkuu hali yuko aliye mkubwa zaidi yake.

Nimejenga daraja juu ya mto. Zuri mno, lenye nguzo nyembamba za kupendeza macho. Nimeliandika "Daraja la Mgeni Rasmi". Ahadi yangu sijaivunja, kwani hicho ni cheo, si jina la mtu. Rula bado hajaliona. Nataka naye ashangae.

Maji nitayafungulia Mgeni Rasmi akishaketi.