Masega Yaliyotumika

Jumatatu, 21 Oktoba 2024
Taa ya injini imewaka. Ya njano, pale kwenye dashibodi, na haitaki kuzimika. Wiki hii hii! Jumamosi gari linawapeleka wazee wangu Ushongo kuniposea Zuwena. Wakikubaliwa, naoa. Wakikataliwa, nabaki hapa Pongwe na sufuria yangu moja.

Zuwena hana shida na umaskini, ameniambia mwenyewe. Shida yake ni ubabaishaji. Kwa mume wa kwanza aliomba talaka kwa sababu kila kitu cha nyumba kile kilifungwa kwa kamba, mpaka mlango wa choo. Nilicheka sana. Nikamwambia, mimi Badru, siko hivyo.

Nimebandika plasta nyeusi juu ya taa. Haionekani kabisa. Tatizo limekwisha.

Jumanne, 22 Oktoba
Halijakwisha. Jirani yangu Mudathir ana pikapu, na kila Jumamosi anapeleka machungwa kwenye hoteli za Ushongo. Kila akirudi analitaja jina la Zuwena bila kuulizwa. Leo kaomba lifti mpaka sokoni, makusudi tu. Kaibandua plasta kwa kucha, kauliza kama gari limejikata likinyoa. Nimemshusha kabla ya soko.

Ila kweli halivuti. Kwenye kimlima nimepitwa na muuza samaki wa baiskeli. Tena kaniamkia.

Jumatano, 23 Oktoba
Kwa fundi Eliudi. Fundi hodari, lakini hatoki kwenye simu: sikio moja lako, jingine la mteja wa Korogwe. Kachomeka mashine yake chini ya usukani, kasoma, kasema masega yamekufa. Nikaitikia kwa kichwa. Kasema moshi hausafishwi wala hautoki vizuri, unaikaba injini. Nitafute masega, hata yaliyotumika, mradi yasiwe yamevunjika, nimletee afunge. Nikaitikia tena.

Nilitaka kuuliza masega gani. Lakini Mudathir alikuwa pale pale anajaza upepo. Bora nife kuliko kuuliza mbele ya Mudathir.

Nimewaza njia nzima. Masega ni masega. Mrina asali anafukiza nyuki kwa moshi, kwa hiyo masega yameshauzoea moshi. Nta inanasa masizi. Inaingia akilini! Nashangaa mpaka leo sijawa fundi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Sokoni kwa Bi Imakulata, muuza asali. Nimemwamkia, nikaomba masega yaliyotumika. Kauliza yaliyotumika vipi. Nikasema yaliyokamuliwa, ila yasiwe yamevunjika. Kauliza kama ni ya dawa. Nikamwambia ya gari.

Kanipa ndoo nzima bure, kasema Jumapili ataniombea kanisani. Mama mwema sana.

Sasa Eliudi wa nini? Bomba la moshi liko wazi nyuma ya gari, kila mtu analiona. Nafunga mwenyewe.

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimefunga! Baada ya sala nimevua kanzu, nimechomoa waya wa betri kwa usalama, nimesukuma masega ndani ya bomba kwa mwiko wa ugali mpaka yakagoma. Nimeacha kitundu moshi upite, mimi si mjinga. Nikarudisha waya, nikawasha. Taa imezimika! Nimemwita Mudathir aje aone. Katazama dashibodi. Halafu kanusa, kauliza mbona gari linanukia halua. Nikamjibu ndivyo linavyonukia gari zima.

Nimempigia Zuwena kumwarifu kuwa gari limeshatoka kwa fundi. Si uongo. Lilitoka Jumatano.

Jumamosi, 26 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka vizuri. Mjomba Yasini mbele na kanzu yake ya Idi, yeye ndiye msemaji wetu. Shangazi Mwanasiti nyuma, kapakata barua ya posa. Mjomba kaisifu harufu. Shangazi kauliza ni udi gani huu. Gari lilijikongoja, lakini Pangani tukafika.

Kwenye foleni ya kivuko nta ikayeyuka, ikaanza kudondoka. Akaja nyuki mmoja. Mjomba akampisha kwa adabu. Halafu wakaja wote waliobaki. Kuwasha gari tukimbie, limekabwa, haliwaki. Kufunga vioo, cha mbele hakipandi tangu mwaka jana, nimekishikiza kwa kamba. Mjomba katoka mbio kanzu ikiwa magotini, mbele ya watu waliokuwa wakimpa shikamoo sasa hivi tu. Kaumwa mdomoni. Mdomoni! Msemaji wetu!

Nani katokea? Mudathir na machungwa yake. Kawapakia wazee wangu, akavuka nao. Mimi nimebaki na gari na nyuki. Nimelia kidogo, sioni aibu kuandika.

Jumapili, 27 Oktoba
Mjomba bado hawezi kusema, labda ni heri. Shangazi ndiye kanisimulia. Kwa kuwa mdomo wa Mjomba ulikuwa umevimba, aliyesema kwa niaba yetu ni Mudathir. Kasema vizuri mno. Wazee wa Ushongo wakadhani yeye ndiye muoaji, wakafurahi. Shangazi akawaonyesha jina kwenye barua. Furaha ikapungua.

Zuwena kataka kusimuliwa habari ya nyuki. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kaacha kucheka, katoa jibu lake: hajanikataa. Jumamosi ijayo niende na gari hili hili, nimfungulie boneti atazame mwenyewe. Kila alichosema fundi kiwe kimefanywa na fundi. Akiona kamba hata moja, barua yangu inarudi. Na Shangazi kaniambia jambo jingine: mama yake Mudathir kauliza kama Jumamosi itakayofuata hiyo wazee wa Ushongo watakuwa na nafasi.

Sikulala vizuri mchana. Nampenda yule mwanamke, basi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Gari limevutwa kwa kamba mpaka kwa fundi. Eliudi kayachokonoa masega ya Bi Imakulata na kucheka mpaka kakata simu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kanionyesha masega yenyewe: dude la chuma chini ya tumbo la gari, ndani lina vitundu vitundu. Na taa ilizimika kwa sababu nilichomoa betri, ingerudi tu. Nikamwambia nilijua, nilikuwa natania.

Kafunga masega ya kweli. Gari linavuta, taa imezimika, na kioo kakitengeneza. Kamba nimeitupa mwenyewe. Nimebadilika. Zuwena ataona.

Limebaki jambo moja dogo. Eliudi, simu sikioni, kasema chujio la oili limeziba, kesho nilete jingine alifunge. Mudathir alikuwa pale anajaza upepo. Sikuuliza. Na safari hii hakuna cha kuuliza, chujio nalijua tangu utotoni. Kipo kifumbu cha mama, kimechuja tui miaka yote na hakijaziba hata siku moja. Nimekifua, nimekianika. Nitakifunga mwenyewe, nisimsumbue Eliudi.

Kinapwaya kidogo. Nimekwenda kuiokota ile kamba.