Andiko Namba Saba

Jumatano, 1 Machi

Shindano la ufadhili wa utafiti limefunguliwa leo. Hela ni za chuo chenyewe, kwa walimu na wanafunzi wa uzamivu. Lazima nishinde! Miaka minne sijaongoza mradi, na Juni mkataba wangu unajadiliwa. Nikifika mkono mtupu, kwaheri Kitivo cha Kilimo.

Kuna sharti moja baya. Kila timu iwe na mwanafunzi wa uzamivu, na mwanafunzi mmoja timu moja tu. Idara yetu ya mbogamboga ina mmoja. Mmoja! Bilyana. Na Profesa Mandazhiev naye anamtaka. Mimi ni dosenti, ananizidi ngazi moja tu, lakini anatembea kana kwamba chuo kilijengwa na babu yake.

Asubuhi nilimvizia Bilyana nimfunge mkononi uzi wa heri wa Machi mosi, mwekundu na mweupe, ule wa bei wenye kishada. Mkononi tayari ana wa Mandazhiev. Nikaufunga wangu juu yake, nikakaza.

Ijumaa, 3 Machi

Sikukuu ya taifa. Ofisi zimefungwa, mimi sijafungwa. Nimempigia Bilyana simu. Nikaahidi jina lake litatangulia langu kwenye kila makala, na andiko la mradi ataliandika yeye apendavyo. Akauliza kama namaanisha. Nikasema mimi si mtu wa maneno mengi.

Amekubali! Alinieleza shida yake kwa kirefu. Ana mbegu za pilipili alizopewa na vikongwe wa vijijini, konzi mbili tu. Zisipopandwa mwezi huu hazitaota tena, na huu ni mwaka wake wa mwisho wa masomo. Akataja na mabomba, na vipimo vya udongo. Nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku nakula banitsa, andazi letu la jibini. Mandazhiev akaombe mwanafunzi idara ya mifugo.

Ijumaa, 10 Machi

Andiko limekuja. Kurasa arobaini! Bilyana aliniomba nilisome, hasa sehemu ya mbinu. Leo jioni ndiyo mwisho wa kupokea. Nikatia saini panapohusika, nikamwambia ni kazi nzuri mno.

Jumatano, 15 Machi

Kumbe kila kiongozi wa mradi anatathmini andiko la mwenzake. Bi Pavlina wa ofisi ya utafiti kafuta majina yote ya waombaji, kompyuta ikagawa kwa bahati nasibu. Alituambia atakayepewa lake mwenyewe alirudishe. Tulicheka. Nani asiyelijua andiko lake?

Nimepata namba saba. Pilipili! Mizizi ya pilipili za kienyeji wakati wa ukame. Nimehesabu marejeo: makala za Mandazhiev zimetajwa mara kumi na moja. Zangu mara moja, tena chini kabisa ya ukurasa. Ni lake, hakuna ubishi. Limeandikwa vizuri, na hilo ndilo limeniuma.

Alhamisi, 16 Machi

Nimelichinja. Alama thelathini na sita kati ya mia.

Halafu nikafika kwenye mbegu za vikongwe wa vijijini. Nikashtuka. Hizi nimezisikia mahali! Za Bilyana hizi! Mandazhiev kamwibia binti wa watu wazo lake mchana kweupe. Nikapunguza alama nyingine tano, kwa ajili ya uadilifu. Nikamalizia hivi: kiongozi wa mradi huu hajui chochote kuhusu mradi wake. Sentensi tamu. Nimeisoma mara tatu.

Jumanne, 21 Machi

Matokeo yamebandikwa. Mandazhiev wa kwanza. Sisi wa mwisho kabisa, alama thelathini na moja. Namba yetu saba.

Saba!

Nilidhani wamekosea kuchapa. Kisha Bilyana akaja mezani kwangu na ile tathmini, akanisomea yote akiwa amesimama. Hakulia. Afadhali angelia. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Mandazhiev, wivu tu unamsumbua.

Akasema, "Huyu mtu kaninyang'anya mwaka, Dosenti. Mimi naweza kuomba mwaka wa nyongeza. Mbegu zangu haziwezi."

Nilijiona mdogo. Nilitaka kumwambia, kweli tena. Nikamnunulia kahawa ya mashine.

Jumatano, 22 Machi

Inawezekana kukata rufaa. Tathmini inafutwa ikithibitika kwamba mtathmini ana maslahi kwenye andiko. Maslahi? Andiko ni langu! Neno langu moja tu na Bilyana anapona. Nikaenda hadi mlangoni kwa Bi Pavlina. Ndani namwona Mandazhiev anakunywa chai. Nikageuza.

Nimepata njia bora. Bilyana aandike rufaa ya kumtaja Mandazhiev, mimi nitie saini. Akauliza kama nina uhakika ni yeye. Asilimia mia, nikamjibu.

Alhamisi, 23 Machi

Rufaa hii hapa, kurasa tatu. Bilyana kasisitiza niisome kwanza. Nilikuwa na kipindi. Nimesaini.

Jumatano, 29 Machi

Tumeshinda! Watathmini wapya wametupa tisini na mbili! Nikakimbilia kwa Bi Pavlina. Alinipa mkono, akashika wangu kwa mikono miwili.

"Niko hapa mwaka wa ishirini," akasema. "Sijaona mwalimu anayekiri kosa lake kwa maandishi."

Kosa gani? Akanionyesha rufaa. Ukurasa wa kwanza: mimi, Gavrail Tsonkov, ndiye niliyetathmini namba saba, na sikulitambua kwa kuwa sikuwahi kulisoma. Wa pili: uongozi wa mradi namwachia Bilyana, jambo ambalo kanuni zinaruhusu. Wa tatu: nabaki kwenye timu kama mmwagiliaji wa kitalu, kila siku saa moja asubuhi, hadi Septemba. Chini, saini yangu.

Nikamtafuta Bilyana, nikamuuliza alijuaje. Akajibu bila hasira kwamba walimu wanaojua pilipili kitivo kizima ni wawili, mimi na Mandazhiev, na huyo alimwonyesha andiko alilopewa kutathmini. Lilihusu vitunguu.

"Nilikuuliza, Dosenti. Ungesema ukweli, ile rufaa ningeichana."

Nikamuuliza ndoo ziko wapi.

Ijumaa, 31 Machi

Saa moja asubuhi. Baridi, ndoo, vidole havisikii kitu. Mbegu zimepandwa jana, zote. Bilyana ananielekeza kwa heshima, nimwage polepole nisizifukue. Anaimba chinichini. Mandazhiev kapita, kaninyanyulia kofia. Nimeuliza kuhusu Juni: umwagiliaji hauhesabiwi kwenye tathmini ya walimu.

Lakini nimetafakari sana pale kitaluni, na kosa langu nimelijua. Nilichagua mwanafunzi makini kupita kiasi! Idara ya mifugo wana mmoja, Zhivka, ambaye husinzia hata akiwa amesimama. Nimemfuata moja kwa moja toka kitaluni. Mwakani tunaingia pamoja, yeye ataandika. Alikuwa na karatasi tayari anataka nizisaini, kama nane hivi. Nimesaini zote. Mikono ilikuwa na maji, nisingeweza kufunua kurasa.