Faseti za Papa Maurice

Jumatatu, 7 Mei 2001

Zimefika! Vita vimefunga mto, lakini faseti zangu zimetoka Goma kwa ndege, kama waziri. Ni vigae vyembamba vya kauri vya kubandika juu ya meno ya mbele. Yangu yameharibiwa na tumbaku. Moyo umechoka, padre amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa, basi naungama: sitaki kufa mjane. Namtaka Mama Viviane, muuza chikwangue, ule mkate wa muhogo unaonata, wa mtaa wa Kabondo. Wenceslas naye anamtaka. Mwalimu mstaafu kama mimi, ila meno yake yote mazima. Mnyama!

Jumanne, 8 Mei

Kwa Daudi, daktari wa meno. Alisema weupe huu unamfaa bibi arusi. Nikamwambia abandike tu. Alipofika jino la mwisho, umeme ukakatika, taa ya kukausha gundi ikazimika. Ameniagiza nirudi kesho na nisitafune kitu. Kurudi? Mimi? Nimeshapendeza!

Jumatano, 9 Mei

Balaa. Nilimweleza jirani yangu Hadidja kwamba nina faseti. Yeye akasikia kaseti! Sasa mtaa mzima unaniuliza: "Papa Maurice, leo iko upande A ao B?" Wenceslas, mbele ya Viviane, ameniomba nimpigie rumba. Viviane hakucheka. Ishara njema!

Alhamisi, 10 Mei

Viviane alitualika mezani sote wawili. Nilitabasamu tangu mlangoni. Nikauma chikwangue, nikavuta. Faseti ya mwisho ikabaki humo, imesimama kama msalaba wa kaburi. Wenceslas akapiga meza: mashine imekula kaseti! Bon. Nikaitwaa, nikaigeuza, nikatangaza kwa sauti ya redio kwamba sasa tunaingia upande B. Viviane alicheka hadi machozi, akaniegemea begani. Begani kwangu!

Jumamosi, 12 Mei

USHINDI! Viviane amekubali. Ndoa baada ya Pentekoste, Mungu akiniacha hai. Wenceslas amenipita njiani bila salamu. Tamu!

Viviane amenieleza kwamba tangu vita vianze hakuna aliyemchekesha vile. Ati lile jino la tumbaku lililobaki wazi ndilo lililomshinda, na haya meupe niyang'oe, yanamtisha gizani. Nimemwitikia kwa upole. Maskini, anaona haya kukiri kwamba faseti ndizo zilizomshinda!

Nimetoka kwa Daudi sasa hivi. Za meno ya chini zitakuja na ndege ijayo. Atafurahi sana!