Kobe Amevaa Kravati

Tarehe 2 Mei 1990, siku ya tatu ya juma

Balaa! Balaa ndani ya nyumba yangu, na televizyo ikiwaka.

Leo batoto ya avenue yote balikuja kuangalia "Batoto Kuyeni", sawa kila siku ya tatu. Banakuja kwangu kwa sababu televizyo iko hapa. Nyeusi na nyeupe, lakini iko. Kwa jirani yangu Mama Mbayo kuko kitambaa ya kufunika televizyo, ameshona mwenyewe, na maua. Televizyo yenyewe hapana.

Miaka kumi na tano tunaangalia Citoyen Kobe. Tshiela, mutoto yangu ya kwanza, alikulia mbele yake, na leo ameolewa kule Fungurume. Kobe ni mwanasesere tu: kichwa ya mbao, mukono ya mutu ndani, na abacost kidogo, ile koti bwana zetu bote bamevaa miaka hii bila kravati. Tantine Fidélie, mwanamuke anayeongoza programu, anamugombeza. Haya inamushika Kobe, kichwa inaingia mu kola, fyu! Batoto banapiga kelele: Kobe, toka! Kobe anatoka. Ni ile tu. Na kila mara tunacheka mpaka machozi.

Sasa juma lililopita radio ilisema kravati imeruhusiwa tena, na majina ya ubatizo, na kuitana Monsieur na Madame pa nafasi ya citoyen na citoyenne. Banaume ya Kolwezi bakakuwa wazimu, banatafuta kravati mpaka mu masanduku ya bababu. Sawa. Lakini sikujua ile wazimu itafika kwa Kobe!

Amevaa kravati. Amefungwa nayo mpaka kidevu. Tantine Fidélie akasema kuanzia leo anaitwa Monsieur Stanislas. Akamugombeza. Kichwa ikataka kuingia mu kola, kravati ikakataa. Kobe akatikisa kichwa tu, sawa mukubwa ya ofisi anayekataa ruhusa.

Mutoto mumoja akauliza kama huyu ni kaka ya Kobe. Ntumba yangu, kitinda mimba, miaka sita, akaingia chini ya meza. Nikamuuliza nini. Akasema polepole: Monsieur ameshamumeza Kobe.

Nikaelewa. Mutoto yangu anajua Monsieur mumoja tu mu dunia: Monsieur Nkulu, infirmier muzee ya dispensaire, aliyekataa kuitwa citoyen miaka hii yote. Yule wa sindano.

Na bado! Batu ba televizyo bamekumbusha: siku ya posho, siku ya sita, ya juma lijalo banakuja Kolwezi, mu salle, ukumbi ya parokia ya Manika, kupiga picha ya programu. Mutoto mumoja atapanda kumusalimia Kobe. Mutoto gani? Ntumba! Mwalimu alimuchagua zamani. Soko yote inajua, niliwaambia mwenyewe, kila meza. Mutoto huyu mbele ya batu hatoi sauti, ananong'ona mu sikio yangu mpaka bamama banasema labda ni bubu. Kwa Kobe tu anapiga kelele. Nilitaka basikie ile sauti. Sasa atamusalimia nani? Sindano?

Tarehe 3 Mei, siku ya ine

Mama Mbayo alipita mbele ya mulango yangu. Nikamusalimia: Mama Mbayo, umelala muzuri? Akasimama. Akanirekebisha. Kuanzia sasa ni Madame Ernestine.

Miaka kumi na nane tunaazimana chumvi! Madame Ernestine!

Akasema Kobe anapendeza na kravati, maendeleo ni maendeleo. Polycarpe yake, miaka saba, alikuwa nyuma yake, shingo imefungwa kipande ya kikwembe, kitenge ya mama yake, sawa kravati. Mutoto alikuwa anatafuta hewa. Akasema tena, na sauti ya sukari, kwamba kama Ntumba "ataogopa kidogo", mwalimu ameshapanga Polycarpe apande pa nafasi yake.

Sikujibu. Ile si kweli, nilijibu sana. Lakini si bya kuandika.

Na mi niko na jina ya ubatizo. Mapadri balinipa Cunégonde. Nitabaki citoyenne mpaka kaburi.

Tarehe 5 Mei, siku ya posho

Niliita bamama kwenye mukutano. Nilikaanga beignets, kwa hiyo bote balikuja.

Nikasema: Kobe yetu ameibiwa. Hapo kila mumoja akakuwa fundi ya Kobe. Mama Kalombo akasema kravati haina neno, ni sauti ndiyo imebadilika, zamani ilikuwa nene. Mama Tshibangu akasema sauti ni ile ile, lakini Kobe amekonda, na hiyo ni kwa sababu ya wasiwasi. Mama mwingine akasema Kobe ya kweli ilikuwa ile ya mwanzo, ya jicho moja, tangu bamuwekee jicho ya pili yeye hacheki tena. Nikamuuliza mbona anakuja kwangu kila siku ya tatu. Akasema anakuja kuona kama watamutoa lile jicho.

Mwishoni tulikubaliana. Siku ya tatu, televizyo haitawashwa. Bale ba televizyo kule Lubumbashi batasikia Kolwezi imenyamaza, bataogopa. Bote baliapa, na beignet mu kinywa.

Bwana yangu Mulumba alikuwa kwenye kiti anasikia. Akauliza mbona simwambii tu mutoto kwamba Kobe amebadilisha nguo. Maskini Mulumba. Fundi muzuri ya umeme, lakini ya batoto hajui kitu.

Tarehe 9 Mei, siku ya tatu

Siku ya mugomo. Nilizima televizyo, nikaifunika, nikakaa mbele yake mikono kifuani, sawa askari.

Saa ilifika. Hakuna mutoto hata mumoja alikuja kulalamika. Nikasema: nguvu ya mugomo! Kisha nikasikia muziki ya "Batoto Kuyeni". Ilitoka ukutani. Ukuta ya Ernestine!

Amenunua televizyo. Ya rangi! Ile kitambaa na maua imepata kazi.

Batoto bote kwake. Bamama pia, banasema balienda kuchunga batoto. Na mi nikaenda, kuchunga bamama. Nilipewa kiti ya chini karibu na mulango. Kravati ya Kobe ni nyekundu. Inapendeza, lakini hilo sikulisema, na kama Ernestine ameliona mu macho yangu, ni uongo.

Ntumba alikataa kuingia. Alikaa inje pa ngazi, ameziba masikio. Mwalimu alipita, akamuona. Akasema ataamua siku yenyewe, mulemule mu salle. Polycarpe akapita na kravati yake, akamutolea ulimi.

Nimekasirika mpaka nimesahau bukari, ugali yetu, kwenye moto. Tulikula makaa.

Tarehe 11 Mei, siku ya tano

Akili yangu! Wakati mwingine naiogopa mwenyewe.

Kama Kobe hana abacost, mi nitamupa abacost. Nitaipeleka Manika, nitamuvalisha kabla hawajaanza, Ntumba atapanda, atamuona Kobe yake, atapiga kelele, basi. Shida ni kitambaa. Kitambaa ya abacost nyumbani ilikuwa moja tu: ile ya Mulumba, ya kijani, ya sikukuu.

Nilikata mugongoni. Pale hapaonekani, mutu anaangaliwa mbele.

Nimeshona. Vifungo bine, mifuko mbili, kola pana kabisa ili kichwa ipite. Nzuri sana, hata mukubwa ya mkoa angeivaa kama angekuwa mudogo hivi. Mulumba aliuliza nashona nini. Nikasema: kishikio ya sufuria.

Tarehe 12 Mei, siku ya posho

Niandike polepole.

Salle ilijaa. Ernestine mbele, kofia kubwa. Mi nilipita nyuma ya pazia na sahani ya makayabu, samaki ya chumvi, na sombe ya majani ya mihogo kwa ajili ya muzee Tharcisse, yule anayeweka mukono ndani ya Kobe. Muzee mwembamba, mupole, njaa ya safari mu macho. Alishukuru, akaenda kula kwenye dirisha. Kobe alibaki juu ya kiti. Peke yake. Mi na yeye.

Nikavua viatu nisifanye kelele. Nikafungua kravati. Nikamuvalisha abacost. Lakini kumuvalisha bila mukono ndani haiwezekani, anaanguka sawa mulevi. Nikaingiza mukono. Nikapiga magoti nyuma ya kibanda ya kitambaa, pale Kobe anachezea, ili nipate kufunga kifungo ya mwisho.

Pazia ikafunguka.

Taa! Tantine Fidélie upande mumoja, Ntumba upande mwingine na maua ya karatasi, kidole mu kinywa. Juu, Kobe. Chini, mi. Haya ilinishika mi mwenyewe, nikavuta vidole, na kichwa ya Kobe ikaingia mu kola. Fyu!

Salle yote: KOBE, TOKA!

Nikamutoa. Ee Mungu, ile kelele! Miaka kumi na tano sikujua ni utamu gani kuwa ndani yake. Nikamuingiza tena. Tena kelele. Nikamutoa. Kusema kweli, nilisahau nilikuja kufanya nini.

Tantine Fidélie ni mwenye akili, akaendelea. Akauliza: Monsieur Stanislas, leo umeona nani? Sikujua Kobe anaongeaje. Sauti yangu ikatoka yenyewe: Ntumba, toa kidole mu kinywa, simama muzuri, batu banakuangalia!

Ntumba akatoa kidole. Akamuangalia Kobe mu macho. Kisha, mutoto yangu, yule wanayesema ni bubu, akapiga kelele mpaka vioo bikalia: "Kobe! Na mama yangu umemumeza?"

Alikimbia akararua kitambaa ya kibanda. Batu bote bakaniona. Magoti chini, miguu bila viatu, mukono juu.

Muzee Tharcisse akaja na mafuta ya makayabu mu vidole. Nilingoja anigombeze. Akaomba tu Kobe yake, polepole, sawa mutu anayeomba mutoto alale. Akamuvalisha ile kravati juu ya abacost yangu. Akamwambia Ntumba hakuna aliyemezwa. Stanislas ni jina ya ubatizo tu, jina moja juu ya jina lingine. Nikamunong'oneza habari ya Monsieur Nkulu, naye akageuza mifuko ya Kobe: aangalie, hakuna sindano. Kisha akamuuliza kama kwao nyumbani kuko mutu na jina ya ubatizo.

Ntumba akashika mikrofoni na mikono mbili. "Mama yangu! Cunégonde!"

Manika yote ilisikia. Kofia ya Ernestine ilitikisika mpaka ikaanguka. Nilitaka ardhi ipasuke, na wakati ule ule nilitaka kusimama na kusema: munasikia? Munasikia sauti ya mutoto yangu?

Nilisimama, nikasema.

Tarehe 13 Mei, siku ya Mungu

Kabla ya misa Mulumba alitoa abacost mu sanduku. Akaivaa. Akasema anasikia baridi mugongoni. Akageuka mbele ya kioo, akaingiza vidole mu tundu. Akauliza kishikio ya sufuria kiko wapi.

Nikasema kimeenda Lubumbashi.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kuazima kravati kwa bwana ya Ernestine. Ya buluu. Alipendeza kabisa kanisani, niligeuka kumuangalia wakati ya sala. Sitamwambia, ataanza kujivuna.

Ernestine alinisalimia mulangoni: Bonjour, Madame Cunégonde. Bamama bote bakafuata. Mpaka padri.

Tarehe 16 Mei, siku ya tatu

Bametuonyesha! Batoto bote kwangu leo, kwa sababu mi ni mama ya nyota. Hata Ernestine alikuja, ameacha rangi yake.

Ntumba alionekana mara mbili. Mara ya pili alikuwa pa karibu sana, mpaka meno. Na mukono yangu ilionekana! Nilisimama pa televizyo nikaonyesha na kidole: ule, ule, hapo chini ya abacost. Polycarpe akasema haionekani. Polycarpe anahitaji miwani.

Halafu Kobe ya leo, ya studio. Kravati imewekwa lastiki! Fidélie akagombeza, kichwa ikaingia mu kola, na kravati ikafuata ndani, fyu, mpaka ncha. Batoto bakaanguka chini kwa kicheko. Ntumba akapiga kelele kuliko bote: Monsieur Kobe, toka! Asubuhi ya jana alimusalimia hata Monsieur Nkulu, na sauti, barabarani. Muzee akashtuka, akaangusha begi.

Mulumba akasema: unaona, ilikuwa nguo tu. Nikasema naona. Nikasema televizyo tuwaachie benye televizyo, mi niko na kazi yangu.

Mwisho kabisa Tantine Fidélie akatabasamu mbele ya bote. Akasema mwezi ujao anaolewa, ataacha "Batoto Kuyeni", atakuja tantine mwingine.

Batoto bakapiga makofi. Makofi! Ntumba pia! Hawaelewi kitu. Kobe atagombezwa na nani? Na mugeni? Mugeni atajua kugombeza namna ile?

Ernestine, anayejua habari ya kila mutu, anasema bwana arusi ni mufanyakazi ya reli, mama yake anakaa Dilolo. Dilolo! Train inapita hapa hapa. Nimeshafunga mihogo na samaki ya njiani, Mulumba amelala. Siendi kuleta fujo. Naenda kumusalimia ule mama tu, sawa mama na mama, nimwambie kidogo kwamba Fidélie anakoroma usiku.

Sijui kama anakoroma. Lakini Dilolo nao hawajui.